Uzoefu wangu na bima ya afya ya umma Ujerumani, nlilazwa na malaria nikiwa mwanafunzi Tübingen

Wadogo zangu wa Moshi na Arusha mnaojiandaa kwenda kusoma Ujerumani mnaniuliza sana kuhusu bima, mchukue ya umma au zile za binafsi za bei chee, basi leo naandika yote. Mimi nlichukua ya umma, hizi za mifuko ya kina TK, AOK na Barmer, na kwa yaliyonikuta naipa nyota nne kati ya tano.

Kwanza bima kule sio hiari, chuo hakikusajili mpaka waone uthibitisho. Ukiwa chini ya miaka 30 unaingia kwa bei ya mwanafunzi, inazidi euro 100 kwa mwezi na inakatwa kwenye akaunti uwe umeumwa hujaumwa, na kwa mtu anayeishi kwa hela ya kuhesabu inauma kwakweli, kila mwezi nlikua naiona ile hela inaondoka roho inasinyaa. Ukishavuka 30 ile bei ya mwanafunzi hupati tena, kwahiyo kama umri unakaribia ulizia kabla hujaondoka nyumbani.

Sasa nliumwaje. Likizo nlikuja nyumbani, nikashuka Kahe kwa bibi. Watu wanadhani Moshi hamna malaria sababu ya baridi, huko juu Marangu na Kibosho sawa, ila ukishuka Kahe, Mabogini, Chekereni kwenye mashamba ya mpunga mbu wapo wa kutosha. Nimerudi zangu Tübingen, hata sijakaa sana, homa ikaanza, viungo vinauma, natetemeka ndani ya blanketi na hita imewashwa mpaka mwisho. Ilikua wikiendi nikapiga 116117, hiyo ndo namba ya daktari wa zamu muda ambao kliniki zimefungwa (112 ni ya kufa na kupona, gari la wagonjwa linakuja). Daktari wa zamu akaangalia koo, akasikiliza kifua, akasema mafua, kapumzike unywe maji mengi. Nikamwambia nimetoka Tanzania juzijuzi, akaitikia tu akaendelea kuandika. Hapo ndo nyota moja imeondokea, mpaka leo inaniuma maana yale maneno nliyasema kwa mdomo wangu na hayakumshtua.

Usiku hali ikawa mbaya, natapika, siwezi kusimama. Aliyeniokoa ni jirani yangu hosteli, dada wa Kikameruni, alinishika tu paji la uso akasema hii sio mafua, tukaenda emajensi. Pale mapokezi nlikua nimeegemea kaunta sina hata nguvu ya kuongea, yeye akawa anarudia kitu kimoja kwa Kijerumani bila kuchoka, ametoka Afrika Mashariki, ana homa, mpimeni malaria, ametoka Afrika Mashariki, ana homa, mpimeni malaria. Nesi akainua kichwa, akanyanyuka. Damu ikachukuliwa, majibu falciparum, yani ile malaria kali. Jamani shikeni hiyo sentensi, ijueni kwa Kijerumani kabla hamjapanda ndege, na ukipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka nyumbani usikubali kuondoka bila kipimo cha damu, maana madaktari wengi kule malaria wameisoma kitabuni tu.

Wakishajua lakini, hawana mchezo. Sisi huku unapewa vidonge vya mseto unarudi zako nyumbani, kule nliwekewa dripu ya artesunate, dawa ya malaria kali, waya za mashine ya moyo kifuani, na damu wanatoa kila mara kuangalia vimelea vimebaki kiasi gani. Nesi mmoja aliposoma Moshi kwenye fomu alifurahi kweli, maana Moshi na Tübingen ni miji rafiki tangu 2014, akawa anapita kunijulia hali hata akiwa hana zamu upande wetu.

Muda wote huo nawaza bili. Mama nae kwenye simu, "Mwanangu, wanataka shilingi ngapi? Niongee na baba yako mdogo tuuze ng'ombe?" Nikamwambia mama hawajadai kitu, wamechukua kadi tu. "Kadi gani?" Ya bima mama. Kimya, halafu, "Usinifiche, sema nijue." Na kweli sikumficha, bili ilivyokuja ilikua euro 10 kwa kila siku niliyolala, basi, na hata hiyo ina kikomo cha siku 28 kwa mwaka. Dawa za kwenda nazo nyumbani unachangia kati ya euro 5 na 10 kwa boksi. Mwenye bima binafsi mara nyingi anatoa hela yake kwanza ndo anatuma risiti arudishiwe, sasa mwanafunzi wa Kitanzania hiyo hela anaitoa wapi akiwa na dripu mkononi?

Barua za bima ni ndefu na za Kijerumani kigumu, tafuta mtu akusomee. Chakula cha jioni wodini ni mkate baridi na jibini, nliumia, ukilazwa Mawenzi au KCMC ndugu wanajaa na hotpoti ya mtori, kule mzee wa kitanda cha pili alikua anakuja kuonwa na mkewe tu. Mtihani uliokua umekaribia niliahirishiwa kwa cheti cha daktari, ila kitume ofisi ya mitihani fasta hata ukiwa kitandani, muda wao ni mfupi.

Kitu cha mwisho ambacho sikukijua kabla, baada ya artesunate ya dripu unaitwa kupima damu kama wiki nne hivi hata ukijisikia mzima, kwasababu seli nyekundu za damu zinaweza kuanza kupasuka baadae. Usiruke hata kliniki moja. Damu yangu ilishuka kweli nikiwa nimesharudi darasani, waliiona mapema wakanifuatilia mpaka ikapanda, na kwa vipimo vyote hivyo sikulipa hata senti.