Windows LAPS: kila kompyuta na nywila yake

Ofisi nyingi bado zina nywila moja ya Administrator kwenye kompyuta zote, ile iliyowekwa siku ya kupiga Windows. Mwizi akiipata hashi yake (alama ya nywila ambayo Windows huihifadhi) kwenye kompyuta moja anaweza kuzunguka nayo mtandao mzima, bila hata kuijua nywila yenyewe.

PsPasswd ya Sysinternals (zana za bure za Microsoft) hubadilisha nywila kwa mbali: unaipa faili lenye majina ya kompyuta, inapita moja moja. Kwa dharura inafaa. Lakini zote zinabaki na nywila moja, na kompyuta iliyokuwa imezimwa inabaki na ya zamani. Kuiweka nywila kwenye Group Policy Preferences (mipangilio inayosambazwa kwa kompyuta zote za ofisi) ni hatari zaidi, maana ufunguo wa kuifumbua Microsoft waliuchapisha wenyewe. Sasisho MS14-025 la mwaka 2014 lilizuia kuweka nywila mpya tu. Zilizokwisha kuwekwa SYSVOL (kabrasha la pamoja ambalo kompyuta zote hulisoma) ni lazima uzifute mwenyewe.

Windows LAPS (Local Administrator Password Solution, chombo cha Microsoft kinachoipa kila kompyuta nywila yake ya Administrator) ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Tangu sasisho la Aprili 2023 imo ndani ya Windows 10, 11, Server 2019 na 2022, na kwa Active Directory (saraka ya Microsoft inayosimamia watumiaji na kompyuta za ofisi) hulipii nyongeza. Kompyuta hujitungia nywila, huiandika kwanza Active Directory, ndipo huibadilisha kwake. Kwa hiyo laptopu iliyo safarini, isiyofikia domeini (mtandao unaosimamiwa na Active Directory), haibadilishi kitu, na nywila unayoiona bado ndiyo inayofungua.

Kuanza, mtu wa Schema Admins (kundi lenye ruhusa ya kubadilisha muundo wa Active Directory) aendeshe kwenye PowerShell amri ya Update-LapsADSchema mara moja, kisha Set-LapsADComputerSelfPermission kwa kila OU (fungu la kompyuta ndani ya Active Directory). Kwenye Group Policy, chagua Active Directory kuwa mahali pa kuhifadhia. Usipofanya hivyo, mipangilio mingine yote imekaa bure. Chaguo-msingi ni herufi 14 na siku 30. Sisi tungeweka herufi 20. Endesha Invoke-LapsPolicyProcessing kwenye kompyuta moja, utafute tukio 10018 na 10020 kwenye logi ya LAPS.

Wengi hukwama kwenye kusoma. Unawapa watu wa TEHAMA ruhusa kwa Set-LapsADReadPasswordPermission, wanaendesha Get-LapsADPassword, na DecryptionStatus inasema Unauthorized. Ruhusa ya kusoma siyo ruhusa ya kufumbua. Nywila ikisimbwa (domeini iwe na functional level ya 2016 au zaidi), anayeweza kuifumbua ni Domain Admins peke yake, hadi utaje kundi lingine kwenye sera ya "Configure authorized password decryptors". Na ukishalitaja, nywila iliyopo bado imesimbwa kwa ajili ya wale wa zamani! Ifanye nywila hiyo ipitwe na muda kwa Set-LapsADPasswordExpirationTime ukiwa mezani kwako. Kompyuta hukagua sera kila saa, itatunga mpya ambayo kundi lako litaisoma.

Upungufu upo. Windows Home haimo, wala Linux. Mashine pepe ikirudishwa kwenye snapshot (nakala ya hali yake) ya zamani, nywila yake haitalingana tena na iliyoko Active Directory. Windows 11 24H2 hugundua hali hiyo na kuibadilisha papo hapo, matoleo ya nyuma hayagundui. Na kabla ya kufuta kompyuta kwenye Active Directory, soma nywila yake kwanza, kwa kuwa inafutika pamoja nayo.