Uchambuzi: Kitabu cha Picha za Maonyesho ya New York 1939, Picha Kali, Maelezo Duni

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani kuna kitabu cha picha, jalada gumu, kizito kweli. Ni picha za Maonyesho ya Dunia ya New York, mwaka 1939 na 1940. Jina kamili na bei nimeweka chini ya video.

Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Mnaona huu mnara uliochongoka na tufe jeupe pembeni? Mnara unaitwa Trylon, tufe Perisphere, kipenyo chake kama mita 55. Watu waliingia ndani ya tufe wakatazama kutoka juu mfano wa mji wa kesho. Hapo Flushing Meadows, Queens, kabla yake palikuwa jalala la majivu. Rais Roosevelt akafungua tarehe 30 Aprili 1939, na hotuba yake ikarushwa kwenye televisheni, wakati wenye televisheni ni wa kuhesabu.

Picha za rangi humu ni chache, lakini pesa yangu imeenda huko na sijutii. Zilipigwa na wageni wa kawaida kwa filamu ya Kodachrome, ambayo kwa kamera ndogo za mkononi ilikuwa ngeni bado. Slaidi zake zikitunzwa gizani hazipauki ovyo. Tazama foleni hii ya banda la General Motors, kampuni ya magari, kofia zote hizo! Walikuwa wanangoja viti vinavyotembea, viwapitishe juu ya mfano wa Marekani ya mwaka 1960, mabarabara mapana na magari madogo madogo. Karatasi nzuri, chapa safi, hapo sina neno.

Sasa nigombane kidogo. Picha hazina tarehe! Chini ya hii wameandika "Banda la Poland", basi. Jamani, banda hili kabla ya tarehe 1 Septemba 1939 ni nchi inajitangaza, na baada ya hapo ni watumishi wamekwama ugenini, kwao kumevamiwa. Hawa wanaocheka mlangoni wamepigwa picha Julai au Oktoba? Huwezi kujua. Sanamu hii ya Jagiello, mfalme wa Poland wa zamani, juu ya farasi, na panga mbili zimepishana, haikurudi nyumbani. Iko Central Park, bustani ya New York, mpaka leo, na kitabu hakisemi.

Wenzao wa Czechoslovakia walikuwa na hali ngumu zaidi: Hitler aliingia Prague Machi 1939, wiki chache kabla ya ufunguzi, na banda lao likafunguliwa hivyo hivyo. Yeye Hitler hakuwa na banda. Wasovieti walijenga jumba kubwa na mfanyakazi ameinua nyota juu. Msimu wa kwanza ulipokwisha likavunjwa. Kwa hiyo ukiliona kwenye picha, ujue ni 1939. Mbinu hiyo nimeitumia sana humu, unakuwa kama mpelelezi.

Kuna ukurasa mmoja nimeurudia mara nyingi, wa banda la Ubelgiji. Ndani kulikuwa na sehemu ya Kongo, koloni lao wakati ule, na michongo ya ukutani ya watu wa Kongo. Mei 1940 Ujerumani ikaivamia Ubelgiji, jengo likakosa pa kurudi. Likapewa Virginia Union, chuo cha Wamarekani weusi kule Richmond, na bado limesimama. Mchongo wa Mkongo, uliotengenezwa na mkoloni, ukaishia kwa wajukuu wa watumwa! Kitabu kimelipa banda hili picha moja na mstari mmoja. Hapo nimekasirika, nasema ukweli.

Na Julai 1940 bomu lilipatikana banda la Uingereza, polisi wawili wakafa wakilikagua. Hilo nalo halimo kabisa. Maonyesho yalifungwa Oktoba mwaka huo, na chuma cha Trylon na Perisphere kikaenda kwenye mahitaji ya vita.

Alama zangu: picha 9 kwa 10, maelezo 4. Mpenzi wa picha, nunua, ila tafuta kilichotumika. Kipya bei yake imezidi. Anayetaka historia ya vita atabaki na njaa. Na kama kuna aliyefika Richmond akaiona ile michongo kwa macho yake, aniandikie kwenye maoni, maana banda hilo nataka kulifanyia video yake peke yake.