Tahadhari: Gereji Inayonyamazisha Breki Badala ya Kuzitengeneza

Ninaandika tahadhari hii kwa wenye magari wanaopeleka breki kutengenezwa katika gereji za watu binafsi, hasa wale ambao, kama nilivyokuwa mimi, humkabidhi fundi ufunguo asubuhi na kurudi jioni kuchukua gari. Nilitozwa fedha za pedi mpya za mbele (vipande vinavyoibana diski ili gari lisimame), za kuchonga diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) ili uso wake uwe sawa, na za kubadilisha mafuta ya breki, na katika kazi hizo tatu haikufanyika hata moja. Gereji yenyewe siitaji kwa jina kwa sababu malalamiko yangu bado hayajamalizika. Ninachoweza kufanya kwa sasa ni kueleza mbinu iliyotumika, ili atakayekutana nayo aitambue mapema kuliko nilivyoitambua mimi.

Gari lilianza kutoa mlio mwembamba kila nilipokanyaga breki. Fundi aliliendesha hatua chache, akasikiliza, akasema pedi zimekwisha, na katika hilo alisema kweli. Jioni nilikuta gari limeoshwa, mlio umetoweka, na kwenye kiti cha abiria umewekwa mfuko wenye pedi nne kuukuu zilizolika karibu kufikia bati la mgongoni. Aliniambia kuwa hizo ndizo alizozitoa. Niliridhika, kwa kuwa nimezoea kusikia kwamba fundi mwaminifu humrudishia mteja spea zake za zamani. Nikalipa, nikazitupia pedi zile kwenye buti na kuzisahau.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nikishuka mteremko mrefu, mama yangu akiwa kiti cha mbele, na pedali ya breki ikaanza kuzama. Mara ya kwanza ilishuka zaidi ya kawaida, mara ya pili ikafika karibu na sakafu bila gari kupungua mwendo kama nilivyotarajia. Niliingiza gia ndogo, nikaipampu pedali mara kadhaa, nikavuta breki ya mkono polepole hadi gari likasimama pembeni mwa barabara. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakinuka kuungua. Mama hakusema neno, ila mkono wake uliendelea kushika mpini wa mlango hata baada ya kusimama.

Fundi wa pili nilimsimamia mwenyewe tangu alipopiga jeki. Kabla hajafungua chochote alinionyesha boliti za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ambazo kutu yake na vumbi lililogandana juu yake vilionyesha kuwa spana haikuzigusa siku nyingi, isipokuwa boliti moja ya chini kila upande. Hiyo inatosha kuinua kalipa na kuchomoa pedi. Kisha akafunua kifuniko cha mpira cha nipeli ya kutolea hewa, ambapo mafuta ya zamani hutolewa yanapobadilishwa. Ndani yake mlikuwa na udongo mkavu, mgumu kama simenti, kwa hiyo hakuna aliyepitisha mafuta mapya hapo. Diski nazo zilikuwa na mifereji ambayo ukucha ulikuwa unakwama ndani yake, na ukingo ulioinuka kwenye duara la nje, jambo lisilowezekana kwa diski iliyotoka kuchongwa.

Kilichonishtua zaidi ni pedi zenyewe. Zilikuwa zile zile zangu za zamani, zimesuguliwa kwa msasa hadi uso wake ukang'aa, na migongo yake imepuliziwa rangi nyeusi. Rangi ilikuwa imepita juu ya vishimo vya kutu, na mahali pengine imemwagikia hadi kwenye ubavu wa sehemu inayosugua diski. Sehemu hiyo ilikuwa imebaki takriban milimita 2. Pedi mpya ya gari dogo huwa na milimita 8 hadi 12, na zikifika 3 ni wakati wa kubadilisha. Ule mfereji wa katikati ambao pedi nyingi huwa nao zikiwa mpya ulikuwa umekwisha kabisa.

Zile nne za kwenye mfuko tulizitoa kwenye buti na kujaribu kuziweka mahali pake. Hazikuingia. Masikio ya bati lake yalikuwa marefu kuliko nafasi ya kibebeo cha kalipa kwa karibu upana wa kidole. Zilikuwa za gari jingine kabisa, na sijui zimeshaonyeshwa kwa wateja wangapi kabla yangu.

Mlio basi ulikwenda wapi? Naomba hapa msome kwa makini, kwa kuwa ndipo ulipo udanganyifu wenyewe. Pedi nyingi huwekewa kibati kidogo cha chuma ambacho hugusa diski pale pedi inapokaribia kwisha, na kazi yake ni kupiga kelele ili dereva ajue. Vibati vyangu vilikuwa vimekunjwa kwa koleo hadi vikalala mgongoni mwa pedi, visiweze tena kugusa kitu. Kwenye baadhi ya magari, badala ya kibati huwa na waya unaowasha taa kwenye deshibodi, na waya huo nao unaweza kuunganishwa taa isiwake. Aliyefanya hivi alijua vizuri kwamba pedi zimekwisha, akachagua kuondoa kengele na kuniachia hatari yenyewe.

Na hatari hiyo haikuwa ya pedi peke yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyokwenda, na ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi 155. Pedi nyembamba nayo haizuii vizuri joto la diski lisifike kwenye pistoni, kipande cha ndani ya kalipa kinachosukumwa na mafuta ili kibane pedi. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na nguvu ya mguu wako huishia kuubonyeza mvuke badala ya kusukuma pedi. Hivyo ndivyo pedali yangu ilivyozama.

Ipo njia moja ya kuhakiki ambayo haihitaji hata kufungua gurudumu, na natamani ningeijua mapema. Kabla ya kuacha gari, tazama kiwango cha mafuta kwenye chombo chake chini ya boneti na ukipige picha. Pedi mpya zikiwekwa, pistoni hurudishwa ndani na mafuta hupanda. Yakibaki pale pale chini baada ya kuambiwa umebadilishiwa pedi, una haki ya kuuliza. Rangi pia husema: mafuta mapya mengi huwa na umanjano mwepesi na hupitisha mwanga, yangu yalikuwa meusi kama oili chafu. Pedi nunua mwenyewe au ufunguliwe boksi mbele yako, na ukipewa za zamani, zilinganishe hapo hapo na mpya kwa umbo, kabla ya gurudumu kurudishwa.

Nilirudi gereji ile nikiwa na pedi zote nane, picha, na maelezo ya fundi wa pili yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Mwenye gereji alizitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Kelele uliyoilalamikia si imekwisha?" Baadaye alikubali kunirudishia fedha kwa sharti kwamba nimwachie pedi na nisimwambie mtu. Nimekataa, na pedi ninazo.

Yeyote ambaye breki zake ziliacha kulia ghafla baada ya matengenezo ambayo hakuyashuhudia, tafadhali asisubiri safari ndefu. Gurudumu moja la mbele lifunguliwe leo na fundi mwingine, na kitu cha kwanza kutafuta ni kile kibati kidogo: kipo, hakipo, au kimekunjwa.