Hypothesis ya Python: kwa fankisheni ndogo ndogo iko vizuri sana, kwingine punguza matarajio

Kama wewe ni wa kuandika zile fankisheni za kusaidia ambazo laibrari nzima inazitegemea, kukatakata listi, kusafisha stringi, kubadili tarehe, kuunganisha dict, basi chukua hii Hypothesis, laibrari ya Python ya kutesti msimbo, uitumie. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne na nusu. Kwa kazi nyingine nyota mbili, na hapo nimekuwa mpole.

Shida ya utiliti, yaani hizo fankisheni za kusaidia, ni kwamba hakuna anayezitesti kwa moyo. Mtu anaona mistari mitatu anasema aah hii si iko wazi, anaweka testi moja ya [1, 2, 3, 4] inapita anasonga mbele, halafu hiyo hiyo inaenda kuitwa kila kona na watu wasiojua aliyeiandika alikuwa anawaza nini. Na usiseme kwamba vitu vidogo havina makosa maana binary search ya Java (kutafuta kitu kwenye listi iliyopangwa kwa kuigawa nusu nusu) ilikaa na kosa kama miaka 9 hadi 2006 Joshua Bloch, aliyeiandika mwenyewe, alipoliandikia, ukijumlisha low na high (mwanzo na mwisho wa sehemu unayotafuta) ili upate katikati jumla inaweza kupita 2147483647, namba kubwa kabisa ambayo int ya Java inabeba, na inageuka hasi, basi mambo yameharibika. Na hiyo ni algorithimu ambayo kila mtu aliisoma darasani jamani.

Sasa Hypothesis inavyofanya kazi: huandiki mfano na jibu lake, unaandika ahadi. Unaweka dekoreta (alama ya kuongezea fankisheni kazi) ya @given juu ya testi, unaiambia nipe listi ya namba, nipe stringi, nipe chochote, na ndani unasema kitu ambacho lazima kiwe kweli kwa data yoyote ile. Yenyewe inajitungia data, kwa kawaida mara 100 kwa kila testi, na haina adabu kabisa, inakuletea stringi tupu, sifuri, hasi, NaN (ile "siyo namba"), herufi za ajabu ajabu. Wazo lilianza na QuickCheck, laibrari ya lugha ya Haskell, ya Koen Claessen na John Hughes, mwaka 2000, kwa hiyo siyo fasheni ya juzi.

Tuchukue fankisheni ya kugawa listi vipande vya ukubwa n, ile watu wote wanaandika hivi hivi: [lst[i:i+n] for i in range(0, len(lst), n)]. Ahadi yake ni moja tu, ukiunganisha vipande upate listi uliyoanza nayo. Ukiacha n iwe namba nzima yoyote, inakurudishia makosa mawili kwa mpigo. La kwanza n ikiwa 0 inapiga era, hilo sawa, angalau inapiga kelele. La pili ndo baya, n ikiwa -1 na listi ina kitu kimoja, unarudishiwa listi tupu, hakuna era hakuna onyo, data ya mtu imepotea kimya kimya! Hapo ndo unalazimika kuamua, n ya hasi hapa ni halali au siyo, na kama siyo inakataliwa wapi. Uamuzi huo ulitakiwa ufanyike siku fankisheni inaandikwa ila hakuna aliyeuliza.

Na angalia ilivyotoa jibu, haikukuletea listi ya vitu 47 na n ya -8313 uanze kukuna kichwa. Ikishapata kosa inaupunguza mfano mpaka ubaki mdogo kabisa ambao bado unaharibu, ndo maana unaona [0] na -1. Kwangu mimi hii peke yake inatosha kuiinstall. Tena inakumbuka, kwenye folda ya .hypothesis inahifadhi mifano iliyofeli, ukirun tena inaanza na hiyo hiyo.

Kwenye stringi ndo utacheka. Ukitumia isdigit() kukagua kabla ya kuita int(), ile ² ndogo ya juu inapita ukaguzi vizuri tu halafu int() inaikataa. Ukidhani upper() haibadilishi urefu, ß inakuwa SS. Mtu ambaye angekaa akafikiria mfano wa ² kwa kichwa chake mwenyewe sijakutana naye.

Haya, tuje kwenye lawama. Ya kwanza, usidhani mara 100 ni ulinzi. Chukua slugify, fankisheni ya kugeuza kichwa cha habari kuwa kipande cha anwani ya wavuti (maneno yanaungwa kwa vistari), ambayo inaondoa vistari pembeni halafu inakata kwenye herufi 50. Ahadi nzuri ni kwamba ukiipitisha mara mbili jibu lisibadilike. Ahadi hiyo inavunjika pale mkato unapoangukia kwenye kistari, lakini st.text(), ile ya Hypothesis ya kutunga stringi, ikiachwa ilivyo inatoa stringi fupi mno na zimejaa herufi ambazo slugify yako inazitupa, kwa hiyo testi itakuwa ya kijani, yaani imepita, na kosa lipo. Lazima uisaidie, weka alfabeti ndogo kama "ab " na min_size ya 50 hivi, hapo inalikamata. Yaani akili bado ni yako, mashine inakubebea tu mizigo.

Ya pili ni watu wanaandika testi inayorudia fankisheni yenyewe, msimbo ule ule umekopiwa ndani ya testi, wanalinganisha, inapita milele. Hiyo haitesti chochote. Tafuta kwenda na kurudi (encode halafu decode), au kurudia mara mbili, au linganisha na toleo la kizembe ambalo ni polepole ila una uhakika nalo. Kuna amri ya hypothesis write inayokuandikia testi za mwanzo za aina hizi, siyo za kuziacha zilivyo ila zinakuondolea uvivu.

Ya tatu ndo inayoshusha nyota. Ukiipeleka kwenye vitu vinavyogusa databesi au mtandao, kila testi sasa ni mara 100, inakuwa nzito, na kikomo chake cha milisekunde 200 kwa kila mfano kinaanza kufelisha testi ambazo hazina kosa lolote, watu wanaandika deadline=None kila mahali ili kukizima. Na ukichuja sana data kwa assume() (ya kuruka mifano usiyoitaka) inagoma inakwambia unatupa nyingi mno. Iache kwenye fankisheni safi, inachukua kitu inarudisha kitu, basi.

Inaingia kwenye pytest, kifaa cha kurunia testi za Python, bila usumbufu, unittest pia. Wa JavaScript mna laibrari ya fast-check, mtindo ni ule ule. Folda ya .hypothesis msiicommit kwenye git, kosa likipatikana wekeni mfano wake kwenye @example juu ya testi, maana folda ile inabaki kwenye mashine yako na mwenzako akirun kwake anaweza asilione kabisa.