Linux ya kuchagua: iliyotulia au mpya kabisa?

Asubuhi moja niliwasha laptopu nikakutana na skrini nyeusi, na kishale kinapepesa kwenye kona ya juu kushoto. Usiku wake nilikuwa nimesasisha vifurushi vya programu zaidi ya mia mbili kwa mpigo, kwa sababu tu vilikuwepo. Kazi ya kukabidhi mchana ilikuwa humo ndani. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza aweke Linux gani (mfumo endeshi wa kompyuta wenye aina nyingi, kama Mint, Debian na Fedora), namuuliza kwanza kama anaweza kumudu asubuhi ya namna hiyo. Kupakua ni bure, ila muda wako una bei.

Tuelewane pia juu ya neno "thabiti". Wengi hudhani ni mfumo usiokwama. Kwa watengenezaji, ni mfumo usiobadilika: programu hubaki na matoleo yaleyale kwa miaka, na viraka vya usalama hushonwa ndani ya matoleo yayo hayo. Namba ya zamani haina maana kwamba umeachwa wazi.

Tena kuna wakati uzee ndio unaokinga. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana faili, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia openSUSE Tumbleweed, Linux inayosasishwa mfululizo, na tawi la majaribio la Debian. Debian thabiti ilikuwa bado na toleo la nyuma, ikasalimika.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Linux Mint. Toleo lake kuu limejengwa juu ya Ubuntu LTS, yaani matoleo ya Ubuntu (Linux nyingine) yanayohudumiwa muda mrefu, ambayo hutoka kila baada ya miaka 2 na kuhudumiwa kwa 5. Mint 22 itahudumiwa hadi 2029. Inakuja na Timeshift, inayohifadhi hali ya mfumo ili sasisho likiharibu urudi ulikokuwa. Angalizo: kwa kawaida yake haigusi nyaraka zako. Hizo zinakili mwenyewe kwenye diski nyingine.

Ya pili ni Debian, mradi ulioanza 1993. Toleo thabiti hutoka takriban kila miaka 2. La 13 lilitoka Agosti 2025. Kwa seva, au kompyuta ya mzazi usiyetaka akupigie simu kila wiki, ningeiweka hata juu ya Mint. Lalamiko la kawaida ni kwamba programu zake huchakaa, na ni kweli. Lakini ukihitaji GIMP (ya kuhariri picha) au LibreOffice (ya kazi za ofisi) mpya, ichukue kupitia Flatpak, njia ya kusakinisha programu: inakaa pembeni na vitu vingi inavyovitegemea, na msingi wa mfumo hauguswi. Itakula nafasi zaidi kwenye diski, nami naona ni bei ndogo. Watu wengi wanaodhani wanataka mfumo mpya, wanachotaka hasa ni programu mbili tatu mpya.

Fedora naiweka ya tatu, ila inapanda hadi ya kwanza kama laptopu yako imeingia sokoni juzi. Madereva, yaani programu zinazoendesha vifaa vya Wi-Fi na michoro, kwa kiasi kikubwa hukaa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, na kerneli ya zamani huenda isitambue kifaa kilichozaliwa baada yake. Fedora hutoka takriban kila miezi 6 na huhudumiwa kama miezi 13, kwa hiyo jiandae kuhama kila mwaka. Matoleo ya Ubuntu yanayotoka kati ya LTS moja na nyingine, yenye huduma ya miezi 9, siyapendekezi.

Kwa anayetaka vitu vipya kila wiki, Tumbleweed ni bora kuliko Arch, Linux nyingine inayosasishwa mfululizo. Tumbleweed hupitishwa kwenye majaribio ya openQA, yanayoendeshwa na kompyuta zenyewe, kabla ya kukufikia, na ukiisakinisha kwa Btrfs, mpangilio wa diski unaoweza kuhifadhi hali za nyuma, unaweza kuchagua hali ya jana wakati wa kuwasha. Arch ina maelezo mazuri mno, lakini inakutaka usome taarifa zao kabla ya kusasisha, kila mara.

Usisakinishe kabla ya kujaribu. Weka Mint kwenye flashi, washa kompyuta kutokea humo, uunganishe Wi-Fi, ucheze sauti, kisha ufunike laptopu na kuifunua uone kama inaamka. Vyote vikikubali, huna haja ya kushuka chini zaidi kwenye orodha hii.