IVU, urethrogramu na sistogramu: uzoefu wangu na eksirei za dawa kwa njia ya mkojo

Naandika kama mpiga eksirei anayefanya vipimo hivi na kukaa na madaktari wa upasuaji kuvisoma. IVU, yaani picha za figo, mirija na kibofu zinazopigwa baada ya dawa kuchomwa mshipani, bado ni kipimo chenye thamani kubwa katika hospitali ambayo haina CT-Scan, au ambako CT-Scan ni ghali kwa mgonjwa. Urethrogramu nayo, yaani picha ya urethra (njia ya mkojo kutoka kibofuni kwenda nje) dawa ikiingizwa kupitia tundu la uume, haijapata mbadala wa kweli kwa mwanaume ambaye njia yake ya mkojo imeziba. Lakini ubora wa huduma hii hauko kwenye mashine. Mashine ya kawaida ya eksirei inatosha kabisa. Tofauti inaletwa na maandalizi, na mpiga picha anayetazama kila picha kabla ya kuamua ifuatayo ipigwe lini na mgonjwa alale vipi.

Kwenye IVU, dawa yenye iodini huchomwa kwenye mshipa, figo huichuja na kuitoa pamoja na mkojo. Iodini huzuia mionzi, kwa hiyo kila inakopita huonekana peupe: vikombe vya figo (vyumba vidogo vinavyokusanya mkojo), mirija inayoshuka kutoka figoni, na kibofu. Msingi huo ni uleule tangu mwaka 1929, Moses Swick alipoonyesha huko Berlin kwamba njia nzima ya mkojo inaweza kuonekana kwa dawa inayochomwa mshipani. Tangu hapo kilichoboreka sana ni dawa yenyewe.

Picha ya kwanza hupigwa kabla ya dawa, na mimi hupimia hapo umakini wa kituo chochote. Sababu ni rahisi: jiwe la kalsiamu ni jeupe, dawa nayo ni nyeupe. Dawa ikishajaza figo, jiwe humezwa ndani yake na hakuna atakayeliona tena. Kituo kinachoruka picha hii ili kuokoa filamu kinaharibu kipimo kizima. Filamu ya sentimita 35 kwa 43 inatakiwa ianzie juu ya figo na iishie chini ya mfupa wa kinena, mgonjwa akiwa ametoa pumzi na kuizuia. Kinena kikikatwa, mawe yaliyokwama mwisho wa mrija yanaachwa nje ya picha, na huko ndiko yanakopenda kukwama. Doa jeupe likionekana upande wa kulia karibu na figo, linaweza kuwa jiwe la nyongo; picha ya pili ya mshazari itaonyesha kama linabaki ndani ya figo au linaachana nayo. Na vile vidoa vya mviringo vyenye kitovu cheusi chini ya nyonga mara nyingi ni chokaa ndani ya mishipa ya damu, si mawe.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, Pwani na visiwani, picha hiyo ya kwanza ina kazi nyingine muhimu: kichocho cha mkojo. Mayai ya minyoo yaliyokaa miaka mingi kwenye ukuta wa kibofu huacha chokaa, na kibofu huonekana kimezungushiwa mstari mwembamba mweupe hata kabla ya dawa kuingia. Chokaa inaweza kupanda hadi sehemu ya chini ya mirija, na hapo mrija husinyaa na kuziba huku sehemu ya juu yake ikitanuka. Kifua kikuu cha njia ya mkojo huenda kinyume chake: huanzia kwenye figo na kushuka. Ndiyo maana napenda daktari anayeandika kwenye fomu mgonjwa anatoka wapi na kama amewahi kukojoa damu utotoni. Maneno hayo machache hubadilisha namna ninavyoitazama picha.

Maandalizi ndiyo sehemu inayoharibika kuliko zote. Utumbo uliojaa choo na gesi hufunika figo, na hakuna mpangilio wa mashine utakaouondoa. Siku moja kabla, chakula kiwe chepesi, maharage, kabichi na maziwa viachwe, na jioni mgonjwa anywe dawa ya kulainisha choo, kwa kawaida bisakodili. Asubuhi asile kwa saa nne hadi sita kabla ya kipimo. Maji anywe. Narudia hili kwa sababu bado kuna vituo vinavyowaambia watu wasiguse hata maji tangu usiku. Zamani iliaminika kwamba mtu mwenye kiu hutoa mkojo mzito na picha kali zaidi. Faida hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na hatari ya kuumiza figo za mgonjwa aliyekaukiwa, hasa mwenye kisukari au mzee. Kingine kinacholeta gesi ni kutembea kidogo mno. Mgonjwa wa wodini anayelala siku nzima mara nyingi huja na tumbo limejaa hewa, wakati yule aliyetembea kutoka nyumbani huja safi.

Kabla ya sindano lazima kuwe na kipimo cha damu cha kreatinini, taka ambayo figo huitoa, na kutokana nayo ikokotolewe kasi ya uchujaji wa figo. Ikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, sipendekezi IVU kabisa: figo haitakusanya dawa ya kutosha kuonekana, kwa hiyo mgonjwa anabeba hatari na haambulii picha. Ultrasaundi ianze hapo. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, na figo zake ziko sawa hana haja ya kuiacha. Zikiwa dhaifu kiasi hicho, huisitisha kwa saa 48 na kupimwa tena kabla ya kuirudia. Mwanamke aulizwe tarehe ya hedhi ya mwisho, na kama kuna shaka ya mimba, kipimo kisubiri. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha; kiasi cha dawa kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana.

Swali la mzio huulizwa vibaya mahali pengi. Watu huulizwa kama wanadhurika na samaki, kamba au kaa, kisha wanakataliwa kipimo. Mzio wa vyakula vya baharini hautokani na iodini. Maswali yenye uzito ni haya: umewahi kupata shida ulipochomwa dawa ya picha kama hii? Una pumu? Aliyewahi kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya dawa ya namna hiyo ndiye wa kumwogopea kweli.

Dawa ninayoipendelea ni ile isiyo ya ioni (haigawanyiki kuwa chembe zenye chaji ya umeme ikiyeyuka), kama ioheksoli yenye miligramu 300 za iodini kwa mililita. Mtu mzima hupewa mililita 50 hadi 100 kulingana na uzito, mtoto karibu mililita 1 kwa kila kilo. Dawa za zamani za ioni, Urografin ikiwemo, huwa na ukolezi wa chembe zilizoyeyuka unaozidi ule wa damu kwa karibu mara tano au zaidi, na huleta kichefuchefu, upele na matatizo ya kifua mara nyingi zaidi. Pale zinapopatikana, heri zitumike kwa urethra na kibofu, si kwa mshipa. Dawa ya mshipani ipashwe joto la mwili kwanza. Ikiwa baridi hunata na husukumika kwa shida. Kanula (mrija mwembamba wa plastiki wa kuchomea dawa) iwe ya kijani au ya pinki kwenye mshipa mzuri wa mkono, ijaribiwe kwa maji ya chumvi, na ibaki mkononi hadi mwisho wa kipimo. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba atahisi joto mwilini, ladha ya chuma mdomoni, pengine kama amejikojolea. Hayo hupita ndani ya dakika chache. Yasiyo ya kusubiri ni kukohoa mfululizo, sauti kukwama, vipele vinavyosambaa au presha kushuka. Adrenalini ya 1:1000, mililita 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, inatakiwa iwe ndani ya chumba, si kwenye kabati la duka la dawa lililofungwa. Kama haipo chumbani, mgonjwa ana haki ya kukataa kuchomwa.

Sasa mpangilio wa picha. Dakika ya kwanza hupigwa picha ya figo pekee, kwa filamu ndogo, maana hapo nyama ya figo ndiyo inang'aa na umbo lake linasomeka. Dakika ya tano huonyesha vikombe, na inaonyesha pia kama figo zote mbili zinatoa dawa kwa pamoja. Zikiwa sawa, mkanda wa kubana hufungwa juu ya tumbo, usawa wa mahali mirija inapovuka ukingo wa nyonga, ili dawa isishuke haraka na vikombe vijae vizuri. Picha ya dakika ya 10 hupigwa ukiwa umebanwa. Ukifunguliwa karibu na dakika ya 15, dawa hushuka kwa wingi, na picha ya papo hapo hukamata mirija yote kwa urefu. Mkanda usifungwe kwa mwenye maumivu makali ya jiwe, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, mwenye uvimbe tumboni, mwenye mshipa mkuu uliotanuka, wala aliyeumia ajalini. Nguvu ya mionzi iwe kati ya kilovolti (kV) 65 na 75. Ukiipandisha juu zaidi ili kumpenya mtu mnene, weupe wa iodini hufifia na mrija mwembamba hupotea.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kupiga picha kwa ratiba tu. Figo moja imechelewa, mrija wake haujaonekana, halafu mgonjwa anaambiwa avae aende, na ripoti inaandikwa kwamba figo haifanyi kazi. Figo iliyoziba huchelewa, haijafa. Nyama yake hung'aa kwa muda mrefu, kisha dawa hujikusanya polepole hadi mahali palipoziba. Hapo muda huongezwa mara mbili kila picha: dakika 30, kisha baada ya saa moja, mbili, nne, hata kesho yake ikibidi. Dawa ni nzito kuliko mkojo, kwa hiyo mgonjwa akilala kifudifudi kwa muda au akitembea kidogo, hushuka hadi kwenye kizuizi na kukionyesha. Jiwe la asidi ya uriki, lisiloonekana kwenye picha ya kwanza, hujitokeza hapa kama pengo jeusi ndani ya weupe. Donge la damu na uvimbe navyo huonekana hivyohivyo, na ultrasaundi ndiyo husaidia kutofautisha.

Picha ya mwisho hupigwa baada ya mgonjwa kukojoa. Kibofu kilichojaa hufunika ncha za mirija, na mkojo unaobaki baada ya kukojoa una maana kubwa kwa mwenye tezi dume.

Kwa urethrogramu mikono inahitajika zaidi. Mpira wa Foley (mpira wa mkojo wenye puto kwenye ncha) namba 8 au 10 hujazwa dawa kwanza ili hewa itoke, maana povu moja tu laweza kusomwa kama jiwe. Puto lake hutiwa mililita 1 hadi 2 tu, likae palipopanuka nyuma kidogo ya tundu la uume. Mgonjwa hulazwa mshazari nyuzi 45, mguu wa chini umekunjwa, uume umenyooshwa juu ya paja. Akilazwa karibu chali, sehemu iliyosinyaa huonekana fupi kuliko ilivyo, na daktari wa upasuaji anaingia akiwa amejiandaa kwa kazi nyingine. Mililita 20 hadi 30 zilizochanganywa nusu kwa nusu na maji ya chumvi husukumwa taratibu, na picha hupigwa dawa ikiwa bado inaingia. Kusukuma kwa nguvu hufunga msuli wa kuzuia mkojo, ukadhani ni kovu, au hupenyeza dawa kwenye mishipa ya damu. Mwenye maambukizi ya mkojo yanayoendelea atibiwe kwanza. Majeruhi wa ajali, wa bodaboda kwa mfano, akitokwa damu kwenye tundu la mkojo, asiwekewe mpira kabla ya kipimo hiki. Mpira unaweza kumalizia kukata njia iliyochanika nusu.

Aliyewekewa mpira wa mkojo kupitia tumboni apigwe picha kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja: kibofu kijazwe kupitia mpira huo, ajaribu kukojoa, na dawa iingizwe kutoka chini. Bila hivyo mwisho wa juu wa kovu haujulikani, na urefu wake unabaki wa kukisia.

Sistogramu ya kukojoa, yaani picha za kibofu kilichojazwa dawa na mgonjwa akikojoa, ni ya watoto zaidi. Mrija laini wa kulishia, namba 5 au 6, unafaa kuliko Foley, kwa sababu puto linaweza kuziba au kuficha ugonjwa. Ujazo wa kibofu hukadiriwa kwa umri kujumlisha 2, mara mililita 30: mtoto wa miaka 4 ni 180. Chupa isining'inizwe zaidi ya mita moja juu ya meza. Picha inayotafutwa ni ile mtoto akikojoa, kwa mvulana akiwa mshazari au ubavu, maana utando unaoziba urethra hauonekani kibofu kikiwa kimetulia. Mkojo unaorudi juu, kutoka kibofuni kuelekea figoni, hupangwa daraja la 1 hadi la 5, na daraja hilo liandikwe kwenye ripoti, si neno "upo" peke yake. Mzazi aruhusiwe kukaa chumbani akiwa amevaa aproni ya risasi. Mtoto aliyetulia hukojoa, anayelia hujizuia.

CT-Scan yenye dawa hushinda IVU kwa uvimbe wa figo na majeraha, na CT-Scan isiyo na dawa huonyesha karibu mawe yote kwa dakika chache. Penye uwezo, mgonjwa aende huko. Ila mionzi ya CT-Scan ya awamu kadhaa ni mingi kuliko ya IVU, ambayo kwa kawaida ni karibu milisievati (mSv, kipimo cha mionzi) 3, na kwa kijana anayefuatiliwa mrija wake baada ya kichocho au upasuaji, IVU ya picha chache zilizochaguliwa hutosha.

Ukimaliza, kaa kituoni kwa dakika 30, kunywa maji mengi siku hiyo, na ukipata homa, kutetemeka au mkojo kugoma kutoka baada ya urethrogramu, rudi siku hiyohiyo. Dai picha zote, ile ya kabla ya dawa ikiwemo, kila moja ikiwa na alama ya kulia au kushoto na dakika iliyopigwa. Bila dakika, daktari hawezi kujua kama figo ilichelewa.