OpenSSL kwenye terminali: uzoefu wangu wa kukagua vyeti na sahihi

Kazi yangu ni kutunza seva za watu, na OpenSSL, programu ya kukagua vyeti vya tovuti (faili zinazothibitisha kwamba seva ni ya tovuti husika) na sahihi za kidijitali, ndiyo ninayoitegemea kuliko zote. Ni ya bure, na kwenye seva nyingi za Linux utaikuta imo tayari. Ilizaliwa 1998 kutokana na programu iliyoitangulia, SSLeay, ya Eric Young na Tim Hudson.

Faida yake niliiona vizuri kwa mteja mmoja mwenye duka la mtandaoni. Kwenye kompyuta tovuti inafunguka na alama ya kufuli ipo, ila programu ya simu ya duka hilohilo inagoma kuunganika. Nikaandika hivi (jina la duka nimelibadilisha):

openssl s_client -connect duka.example:443 -servername duka.example -showcerts </dev/null

Kikarudi cheti kimoja tu, na chini yake "Verify return code: 21". Seva haikuwa inatoa cheti cha kati, kile kinachounganisha cheti cha tovuti na cheti cha mzizi, yaani cha mamlaka inayoaminiwa, kilichomo kwenye simu. Vivinjari vingi vya kompyuta hukumbuka cheti hicho au hukitafuta vyenyewe, ndiyo maana mwenye duka alishikilia kwamba kwake kila kitu ni kizima. Tukakiongeza kwenye faili la seva, namba ikasoma 0, yaani hakuna kosa, na programu ya simu ikaunganika.

Cheti kikiwa faili mkononi, natumia openssl x509 -in cheti.pem -noout -text. Macho yangu huenda kwanza kwenye Subject Alternative Name, maana vivinjari vya leo husoma majina ya tovuti hapo. Kwa tarehe, -checkend 2592000 huuliza kama cheti kitakwisha ndani ya siku 30, zikihesabiwa kwa sekunde. Iweke kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) mapema: kuanzia Machi 2029 vyeti vipya vya tovuti za umma havitaruhusiwa kuzidi siku 47.

Faili lililotiwa sahihi ya kidijitali nalikagua hivi (umma.pem ni ufunguo wa umma wa aliyetia sahihi, unaotumika kuihakiki):

openssl dgst -sha256 -verify umma.pem -signature faili.sig faili.zip

Ukiona "Verified OK", faili halijaguswa tangu litiwe sahihi. Ikibadilika hata baiti moja, linakataliwa. Lakini ufunguo wa umma uupate kwa njia nyingine, usiushushe palepale ulipochukua faili, kwa sababu aliyeweza kubadilisha faili angeweza kubadilisha na ufunguo.

Kinachonikera ni kwamba s_client, ile amri niliyotumia kwa duka, ikikuta cheti kibovu huandika kosa kisha huendelea na mawasiliano kama kawaida, na jina la tovuti haililinganishi mpaka uiagize. Kwa kitu kinachohusu usalama, hilo naliona kosa la msingi. Kwenye skripti zangu zote s_client hufuatana na -verify_return_error na -verify_hostname, na yeyote ninayemfundisha kazi hii humwanzishia hapo.